Kadi Isiyo na Nukta

Daktari aliweka karatasi mbili mezani, bega kwa bega, akazisawazisha kwa ncha za vidole kama mtu anayepanga nguo za mtoto mchanga. Moja ilikuwa ya maiti nambari thelathini na moja. Ya pili ilikuwa kadi ya kliniki ya meno, na mwandiko wake karani angeutambua hata gizani, kwa sababu ulikuwa wake mwenyewe.

"Tusome pamoja, Mzee," daktari alisema. "Taratibu."

Karani alisimama upande wa pili wa meza, mikono nyuma. Ukumbi ule wa chuo cha ufundi ulinuka dawa ya kuulia wadudu, na chini ya dawa kulikuwa na harufu nyingine ambayo dawa ilikuwa imeshindwa kuificha. Pazia la turubai liliukata ukumbi katikati. Nyuma yake walilala watu waliotolewa kwenye kiwanda cha magodoro, na yeye hakuruhusiwa kuvuka kwenda huko. Ndivyo kazi ilivyopangwa: anayewatazama wafu haoni kadi, na anayeshika kadi hawaoni wafu, ili jicho la mtu lisije likaona kile ambacho moyo wake unakitaka. Habari za pande mbili zilikutana hapa tu, juu ya meza hii, mbele ya daktari.

Ilikuwa siku ya sita tangu moto. Wengi walikwisha kutambuliwa kwa sura, kwa pete, kwa kovu la mguuni, wakachukuliwa na watu wao. Walibaki tisa ambao hata mama mzazi angepita mbele yao asijue. Kwa ajili ya hao tisa ndipo alipoletwa daktari huyu kutoka mbali, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, ambaye kazi yake ilikuwa kuwarudishia wafu majina yao kwa kuyasoma meno.

Siku alipofika, alikwenda kwanza masijala ya kliniki, kabla hata ya kunywa maji. Alimweleza karani kwamba moto hula uso na vidole, na meno ya mbele hupasuka, lakini magego hujikinga nyuma ya ulimi na mashavu, na gego lililozibwa hubaki na alama yake kama mlango ulioandikwa nambari. Alivuta droo moja baada ya nyingine, akatazama kadi za wafanyakazi wa kiwanda zilivyopangwa, kila moja imenyooka, wino haujavuja popote.

"Kazi yangu haianzi siku ya ajali," alisema. "Inaanza kwenye makabati kama haya, miaka mingi kabla moto haujawaka. Nani ameandika kadi hizi?"

"Ni mimi," karani alijibu, na tangu saa ile shingo yake ilikuwa imerefuka kidogo.

Pale kliniki walimwita Mwandiko. Aliajiriwa kufagia, akiwa na umri wa miaka thelathini, na hajui kuandika hata jina la mama yake. Akajiandikisha masomo ya jioni, akakaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu, akafuta ujinga wake herufi kwa herufi. Dada yake alikuwa akimtania kwamba siku akiandika barua ya mapenzi atapiga mistari kwanza kwa rula, na mpenzi atakuwa amekwisha kuolewa kabla ya salamu. Yeye hakujali. Kutoka kwenye ufagio alipanda hadi kwenye kalamu, na kalamu hiyo hakuna mtu aliyempa.

"Gego la kwanza, taya la chini," daktari alisoma. "Kwa maiti limezibwa, upande wa kulia. Kwenye kadi limezibwa, upande wa kushoto."

Karani aliisogelea meza.

"Jino la tano, taya la juu. Kwa maiti halipo, liling'olewa zamani, upande wa kulia. Kwenye kadi limeng'olewa, kushoto." Alivua miwani, akasugua macho yaliyokuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Mwandiko safi namna hii hauniachii shaka. Si yeye, Mzee. Mpwa wako hayumo humu."

Sita kati ya wale tisa walikwisha kupata majina yao kwa kadi. Wawili wengine waliobaki bila majina hawakuhitaji kadi: mmoja alikuwa mwanamke, na mwingine mzee asiye na jino hata moja. Kwa hiyo kama thelathini na moja hakuwa kijana wa dada yake, basi kijana hakuwa miongoni mwa wafu. Karani aliinamisha kichwa, akatoka.

Dada yake alikuwa amekaa kwenye ngazi za ukumbi tangu asubuhi, mkoba mapajani, macho kwenye mlango. Alimtazama usoni, akasoma, akainuka na kumshika kaka yake mabega yote mawili kama anayetaka kumtikisa.

"Siye," karani alisema. "Meno hayalingani."

Mwanamke yule alicheka huku machozi yakimtoka. Mlinzi wa getini, aliyekuwa ameona vilio siku sita mfululizo, aligeuka pembeni akajifanya anafunga kamba za viatu. Njiani dada mtu hakunyamaza. Alisema alijua tangu mwanzo. Alisema mtoto wake atakuwa ameruka ukuta, akapigwa na kitu kichwani, akapotewa na akili, kama yule mwenzake aliyeokotwa hospitali ya mji mwingine siku ya tatu hajui hata anaitwa nani. Atarudi. Huyo si mtu wa kufa kwenye magodoro, alisema, maana hata kulala kwenyewe hajui, usiku kucha anageuka kama samaki kikaangoni.

Kijana huyo walimwita Cheko. Baba yake alifariki yeye akiwa tumboni, na karani ndiye aliyemlea pamoja na dada yake, akamfundisha kushika kalamu, akamtafutia kazi. Ndiyo, kazi ile ya kiwandani ni mjomba aliyeiomba, kwa barua ya kurasa mbili isiyo na kosa hata moja. Tangu siku ya moto hakuna aliyelitaja jambo hilo, wala dada yake, wala yeye.

Walipofika mlangoni pake dada alisimama. "Kadi yako imenirudishia mwanangu, kaka," alisema, akaubusu mkono wake wa kuandikia.

Asubuhi ya pili karani alifungua masijala mapema, akapangusa meza, akaanza kurudisha kadi ambazo daktari alikwisha kuzitumia. Alikuwa anapiga mluzi. Alishika kadi ya Cheko mwisho, na kwa mazoea ya miaka mingi jicho lake likaenda kwenye pembe ya juu kutafuta nukta nyekundu.

Nukta haikuwepo.

Aliisogeza kadi dirishani. Akaipangusa kwa kidole gumba. Kisha akaketi.

Miaka kumi na miwili iliyopita mvua ilitoboa paa la masijala, na kadi za zamani zikaota ukungu. Kadi hizo zilikuwa za maneno matupu: gego fulani, juu au chini, kulia au kushoto. Zikaletwa kadi mpya zenye mchoro wa meno yote, ambao mwandishi anapaswa kuweka alama mahali panapohusika. Karani alijitolea kunakili zote peke yake. Mia tatu na kumi na mbili. Palipoandikwa kulia akaweka alama kulia kwa karatasi, na palipoandikwa kushoto akaweka kushoto, kwa sababu kwa mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, kulia ni kulia. Hakuna aliyemwambia kwamba mchoro wa meno huchorwa kama daktari anavyomwona mgonjwa aliyekaa mbele yake, uso kwa uso, na kwamba upande wa kulia wa mgonjwa uko kushoto kwa karatasi.

Daktari wa kliniki wa wakati ule aligundua mwezi wa tatu. Hakumgombeza. Alicheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Mwandiko, umewageuza watu wote kama soksi." Wauguzi nao wakacheka. Ni kicheko hicho kilichomchoma kuliko matusi. Akaahidi kusahihisha kadi zote, na kila aliyoisahihisha akaiwekea nukta nyekundu pembeni. Alibaki jioni baada ya jioni. Alipofika mia mbili na hamsini mke wake akaugua, na aliporudi kazini baada ya mazishi daktari alimwuliza, kwa upole, kama ile kazi ya kadi imekwisha.

"Imekwisha," alijibu.

Hakutaka kuchekwa tena, wala kuhurumiwa. Alijiambia zile zilizobaki atazisahihisha mgonjwa mmoja mmoja atakaporudi. Wengi walirudi. Cheko hakurudi. Aliiogopa sindano ya ganzi kuliko nyoka, na baada ya siku ile moja ya utotoni aliyapiga meno yake mswaki kwa bidii ya mtu anayekimbia polisi. Daktari yule wa zamani alistaafu, akafa. Hapakuwa na mtu mwingine chini ya jua aliyejua maana ya nukta nyekundu.

Karani aliiweka kadi mezani akaitazama. Labda, alijiambia. Labda kadi hii niliinakili baadaye, baada ya kuelezwa, nikasahau nukta. Akajaribu kukumbuka siku yenyewe. Cheko alikuwa na miaka kumi na mitatu, shavu limevimba, na mjomba ndiye aliyempeleka. Alimwona waziwazi, amesimama mbele yake kwenye korido. Akanyoosha mkono kugusa lile shavu hewani, mkono ukayumba, kwa sababu aliyesimama mbele yako upande wake si upande wako. Basi akainuka, akageuka, akasimama pale aliposimama mtoto. Akakumbuka wakitembea kuingia kwa daktari. Alimshika mkono wa kushoto. Alimshika wa kushoto kwa sababu mkono wa kulia mtoto alikuwa ameubandika shavuni, na hakukubali kuutoa mpaka alipoketishwa kitini.

Kulia.

Alikaa tena. Nje wagonjwa wa kwanza walikuwa wakikohoa kwenye benchi. Alasiri ya siku hiyo wale watatu wasiotambuliwa wangezikwa katika kaburi moja, vibao vitatu vyenye nambari, kwa kuwa chuo kilitaka ukumbi wake na barafu ilikuwa imekwisha. Sampuli za damu za ndugu zilipelekwa mbali na majibu yake yangechukua miezi, na dada yake hakutoa damu. Kwa nini atoe, wakati mwanawe yu hai? Angeweza kuiweka kadi hii kwenye droo. Angeweza kuiwekea nukta sasa hivi, wino ulikuwa palepale. Dada yake angeendelea kungoja, na kungoja kwake kungekuwa na chakula ndani yake, na wimbo, na kitanda kilichotandikwa. Wangapi wanaishi kwa kidogo zaidi ya hicho? Na yeye angebaki Mwandiko.

Kisha akafikiria kibao. Nambari thelathini na moja. Mtoto aliyemfundisha kuandika jina lake, herufi tano, akiushika mkono wake mdogo ndani ya mkono wake.

Akavaa koti.

Daktari alikuwa anakunja karatasi zake ukumbini karani alipoingia. Karani hakusalimu. Alisimama mbele ya meza akasema yote kwa mfululizo, kama mwanafunzi anayesoma kwa sauti, mvua, kadi, kulia, kushoto, nukta, na ile "imekwisha" aliyoisema. Daktari aliuliza jambo moja tu: kama wale sita waliotambuliwa kwa kadi, kadi zao zilikuwa na nukta. Karani akamwambia zote zina nukta. Alizihakiki kabla ya kuja, mara mbili.

Daktari alichukua kadi. Aliigeuza nyuma mbele, akaibandika kwenye kioo cha dirisha, mwanga ukapita ndani yake na mchoro ukaonekana kwa upande wa pili, umepinduka. Akaiweka karatasi ya thelathini na moja kando yake. Gego la kwanza chini. Jino la tano juu. Na chonge lililoota limejipinda kidogo, ambalo jana hakuna aliyelitilia maanani kwa kuwa lilikuwa upande usiofaa. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaenda nyuma ya turubai, na karani akasikia maji yakimwagika kwenye beseni, chuma kikigusa chuma, halafu kimya.

Aliporudi alikuwa amevua glovu.

"Kaa, Mzee."

"Nasikia nikiwa nimesimama."

"Ni yeye."

Karani aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama anayepokea agizo la ofisi.

"Nami nilipaswa kuona," daktari alisema. "Kila kitu kilikuwa kimegeuka sawasawa, na nikaamini kwa sababu kadi ilikuwa safi." Aliiweka kadi mezani. "Hakuna aliyejua habari hii ila wewe. Ungeweza kunyamaza."

"Angezikwa kwa nambari," karani alisema.

Ilibidi aandike maelezo. Alipewa karatasi na kalamu, akaandika, na katika mstari wa tatu akakosea neno, akalikata, akakosea tena. Zamani angeomba karatasi nyingine. Aliendelea. Daktari alisema yupo mama wa ustawi wa jamii ambaye kazi yake ni kupeleka habari kama hizi, anajua namna ya kuzisema, na gari lipo. Karani alikunja mikono ya koti, akakunjua.

"Nitakwenda mwenyewe," alisema. "Jana habari niliipeleka mimi."

Alikwenda kwa miguu. Ilikuwa karibu saa sita na jua lilikuwa limesimama juu ya paa. Kila hatua alitunga sentensi, na kila sentensi ilipofika kwenye nukta yake ilivunjika. Mdogo wangu, kuna jambo. Mdogo wangu, jikaze. Mdogo wangu, mimi. Alipita duka, akapita fundi cherehani aliyemwamkia kwa heshima, akampongeza kwa habari njema za mpwa wake; mtaa mzima ulikwisha kusikia. Karani aliinua mkono kama mtu anayejikinga.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Godoro la Cheko lilikuwa limetolewa na kuegemezwa ukutani lipigwe jua. Viatu vyake vya Jumapili vilikuwa vimepakwa rangi. Uani dada yake alikuwa ameinama juu ya beseni, mikono imejaa povu hadi kwenye viwiko, nguo za kijana zimejaa kambani: suruali mbili, fulana ya mpira, shati ambalo karani alimnunulia alipopata kazi.

"Umekuja wakati wake, kaka," alisema bila kugeuka. "Shika huko. Shuka hili ni zito, peke yangu siliwezi."

Aliinua shuka kutoka kwenye maji, akamtupia ncha moja. Karani akaipokea. Wakasimama mbali mbali, kila mmoja na ncha yake, wakaanza kukamua, yeye akisokota huku na dada akisokota kule. Maji yalishuka kwa kishindo, kisha kwa uzi, yakamwingia karani viatuni. Dada alikuwa akieleza kwamba akirudi atalalamika, maana hapendi harufu ya sabuni hii, lakini atajua mwenyewe, aliyemwambia apotee siku saba ni nani. Akasema viatu vyako vinalowa, kaka, sogea. Karani hakusogea. Dada akasema na koti hili saa sita mchana, unaumwa?

Ndipo dada alipoinua macho akamtazama usoni.

Mikono yake iliacha kusokota. Upepo ulipita kambani, mikono ya shati ikanyanyuka ikashuka.

"Ni yeye?" aliuliza, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeuliza njia.

"Ni yeye."

"Kadi ilisema siye."

"Kadi niliiandika mimi, mdogo wangu. Nilikosea."

Hakulia. Hakumtukana, ingawa karani alisimama akingoja tusi kama anavyongoja mtu mvua iliyokwisha kunguruma. Alimtazama tu, na mikono yake bado imeshika ncha ya shuka. Karani naye hakuiachia yake. Shuka lililokuwa limekazwa kama kamba katikati yao lilianza kujisokotoa lenyewe, pole pole, likigeuka huku na huku, na kwa kila mzunguko likidondosha tone moja juu ya sakafu ya saruji, halafu jingine, halafu jingine.